Supu ya Mifupa ya Bata Mzinga

Kiwengwa ni kijiji cha wavuvi kilichoko katika pwani ya kaskazini mashariki ya kisiwa cha Unguja. Mbele yake ni bahari na mwamba uvunjao mawimbi; nyuma yake ni nchi ya mawe ya matumbawe, ambayo udongo wake ni haba. Watu wakaao mahali pa namna hii hawatupi chakula ovyo. Kichwa cha kolekole hakiendi jaani, wala mifupa ya changu, kabla ya kupita chunguni kwanza. Na mtoto wa Kiwengwa huijua ladha ya mchuzi wa kichwa cha samaki kabla hajajua kusoma.

Siku hizi ufuo wa Kiwengwa una hoteli za wageni, na wageni huja na desturi zao za kula. Mojawapo ya vyakula vya watu wa Ulaya na Marekani, hasa wakati wa Krismasi, ni bata mzinga. Dume lake likinona laweza kupita kilo 10, na mifupa yake ni mikubwa kwa kiasi chake. Mtu aliyezoea kuku hushangaa kuona jinsi sinia ilivyojaa mifupa hata baada ya watu wengi kushiba.

Ndege huyu amepewa majina ya uongo karibu kila mahali alipofika. Waswahili humwita bata, naye si bata. Vidole vyake havina utando, na jamaa zake wa karibu ni kuku na kanga. Waingereza humwita kwa jina la nchi ya Uturuki, Wafaransa kwa jina la Bara Hindi, na Wareno kwa jina la Peru, naye hakutoka katika nchi hizo hata moja. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Watu wa Meksiko walimfuga zamani sana, kabla ya Wahispania kufika kwao, na Wahispania wakamchukua mpaka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Jina la Uturuki, yasemekana, lilikuwa kwanza la kanga, ndege wa Afrika, aliyefikishwa Uingereza na wafanyabiashara waliotoka nchi za Waturuki. Watu wakawachanganya ndege wawili, jina likambakia yule mgeni.

Basi chukua mfano wa nyumba moja ya Kiwengwa. Kijana wa nyumba hiyo ni mpishi katika hoteli. Amenunua bata mzinga mzima, akamleta kwao, akachinjwa kama ipasavyo, akaokwa. Watu wa nyumba na majirani wamekula adhuhuri. Ifikapo saa nane mchana kilichobaki katika sinia ni mgongo, mbavu, shingo, ncha za mbawa, na vipande vya nyama vilivyong'ang'ania mifupa.

Kiswahili kina maneno mengi ya chakula kilichosalia, wala si bure. Makombo ni masalio ya mlaji, yaliyokwisha kuguswa na mikono na meno. Kiporo ni chakula kilicholala mpaka asubuhi. Wengine huita mwiku, na wengine bariyo. Bibi mwenye nyumba hupambanua vitu hivi bila ya kufundishwa na kitabu. Mifupa iliyotafunwa na watu huiweka mbali, hiyo ni makombo; ile ambayo haikutoka katika sinia kubwa ndiyo atakayoipika. Tena haipiki kesho. Huipika saa ile ile, kwa kuwa nyama iliyopikwa ikikaa wazi katika joto la kaskazi huanza kuharibika upesi kuliko watu wanavyodhani. Muda wa saa 2 usipite. Na siku ya jua kali, hata saa 1 yatosha kuwa nyingi.

Kwanza nyama yote huambuliwa kwa vidole na kuwekwa kando ndani ya bakuli lenye kifuniko. Jirani mwenye jokofu akikubali, huwekwa humo. Nyama hiyo imekwisha kuiva, na ikichemshwa tena muda mrefu huwa kama nyuzi za kumbi, haina ladha. Kisha mifupa huvunjwavunjwa ienee katika sufuria. Maji baridi hutiwa mpaka yaifunike na kuipita kwa vidole vinne, nayo ni kadiri ya lita 4 kwa mifupa ya bata mzinga wa wastani. Chumvi haitiwi bado. Sababu yake ni mbili: maji yatapungua motoni, na chumvi iliyokuwa ya kiasi itazidi, tena visima vingine vya pwani hutoa maji yenye chumvichumvi, na mpishi asiyeonja kwanza huharibu chungu kizima.

Sufuria ikianza kuchemka, povu la kijivu hupanda juu. Hilo huondolewa kwa upawa mpaka liishe. Halafu kuni huvutwa nje ya mafiga, zikabaki mbili tatu, ili supu itokote tu, yaani mapovu madogo yainuke moja moja. Wapishi wengi hukosa hapa. Huona moto mkubwa ni kazi kubwa, wakaacha sufuria ichemke kwa kishindo. Ikichemka hivyo mafuta hukatikakatika yakachanganyika na maji, na supu huwa na rangi ya maji ya tope. Ikitokota polepole mafuta huelea juu, na mpishi huyateka kwa upawa apendavyo, na supu chini huwa safi.

Mifupa ya ndege hutaka muda wa saa 3. Hapa mtoto aliyezoea supu ya samaki aweza kukosea, kwa maana mifupa ya samaki ni laini, nayo hutoa utamu wake wote kwa muda wa nusu saa, na ikizidishwa huleta uchungu. Mifupa ya ndege haina haraka hiyo. Katika viungo, ngozi na kano zake mna kitu kigumu kiitwacho kolajeni, nacho ndicho kishikacho mwili usiachane. Kolajeni ikikaa katika maji ya moto kwa muda mrefu hulainika, ikageuka jelatini, ikayeyuka ndani ya maji. Ndiyo maana supu nzuri hunata kidogo midomoni, na ikipoa sana huganda kama mafuta ya nazi wakati wa baridi. Shingo na ncha za mbawa zina kitu hicho kwa wingi kuliko kidari, ingawa watu hugombania kidari.

Watu wa Ulaya walipogundua jambo hili walitumaini makuu. Mfaransa mmoja, jina lake Denis Papin, alitengeneza mwaka 1679 chungu cha chuma chenye kifuniko kilichofungwa kwa nguvu, mvuke usipate njia. Ndani yake joto lilizidi joto la maji yachemkayo, hata mifupa migumu ikalainika. Hicho ndicho babu wa sufuria za mvuke za siku hizi. Baadaye, huko Ufaransa, walitokea watu waliosema kwamba maskini wanaweza kulishwa kwa jelatini ya mifupa badala ya nyama, na hospitali nyingine zikafanya hivyo. Wagonjwa walinung'unika. Kamati iliwekwa chini ya mganga François Magendie, na mwaka 1841 ikatoa jawabu: mbwa waliolishwa jelatini peke yake walikonda na kufa. Basi supu ya mifupa ni kitu chema, bali yataka mwenzake. Nyama ile iliyoambuliwa hurudishwa, na pamoja nayo hutiwa muhogo au mchele au kunde, ndipo iwe chakula cha kumshibisha mtu.

Saa ya tatu ikikaribia kwisha, vitunguu, thomu, kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje za pilipili manga hutiwa. Wengine hutia kijiti cha mdalasini. Karafuu moja ikitosha, mbili zitafunika kila kitu, na Mngoja Unguja hahitaji kuambiwa nguvu ya karafuu. Kisha supu huchujwa, kwa kuwa mifupa ya ndege iliyopikwa mara mbili hupasuka vipande vyembamba kama miiba, na kipande kimoja chaweza kumkwama mtoto kooni. Baada ya kuchujwa hurudishwa motoni pamoja na muhogo uliokatwakatwa. Muhogo ukiiva, nyama hutiwa ipate moto sana, chumvi huonjwa, na ndimu hukamuliwa mwisho, sufuria ikiisha kuepuliwa.

Watu wa pwani hupenda kutia tui la nazi. Ni desturi nzuri, bali ina sharti lake: tui litiwe katika supu itakayoliwa saa ile, lisitiwe katika ile itakayowekwa. Tui huchacha mapema, nalo huichachisha supu yote pamoja nalo.

Katika nyumba ile ya mfano supu ilikuwa tayari magharibi. Watu wakala, na zaidi ya nusu ikabaki. Bibi akaigawa. Sehemu moja aliimimina katika mabakuli mapana mawili, akayaweka ndani ya beseni la maji ya kisima, akayakoroga mara kwa mara mpaka yakapoa, kisha akayapeleka kwa jirani mwenye jokofu. Sehemu ya pili, iliyobaki katika sufuria kubwa, alimwachia mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, aifanye vivyo hivyo. Lakini msichana alikuwa na usingizi. Tui lililobaki akalimimina lote ndani ya sufuria ili lisipotee, akafunika kwa kawa, akaiacha sufuria karibu na mafiga yenye majivu ya moto, akalala.

Asubuhi alipofunua aliona mapovu madogo pembeni, na harufu ilikuwa ya uchachu kidogo. Alionja kwa ncha ya kidole, akatema.

"Bibi," akasema, "nimekosa. Lakini si tuichemshe tena? Moto utaua kila kilichomo."

"La, mwanangu," Bibi akajibu. "Moto utaua walio hai. Waliyokwisha kuyatia humo usiku kucha, nani atayatoa?"

Akaichukua sufuria, akaenda kuimwaga mbali na nyumba, paka wasipate kuinywa. Msichana alilia, maana ndani yake mlikuwa na nyama nyingi ya ndege ambaye pengine hatamwona tena mwaka ule.

Jawabu la Bibi ni la kweli, na wajuzi walichukua zaidi ya miaka mia kuufikia mwanzo wake. Ni ajabu kwamba mashindano hayo yalianzia katika mchuzi. Mwingereza John Needham, padri wa Kanisa Katoliki, aliandika mwaka 1748 habari za jaribio lake. Alichukua mchuzi wa nyama ya kondoo ungali moto, akautia katika chupa, akaiziba kwa kizibo, akaitia katika majivu ya moto ili kuua kila chenye uhai. Baada ya siku chache akautazama kwa hadubini, akaona umejaa vijidudu vinavyokwenda huku na huku. Akasema, basi uhai umejizaa wenyewe ndani ya mchuzi.

Padri mwingine, Mwitalia Lazzaro Spallanzani, hakuridhika. Aliona kwamba kizibo si mlango wa kutosha, na kwamba moto wa Needham ulikuwa mdogo. Mwaka 1765 alitangaza majaribio yake: alizifunga shingo za chupa kwa kuziyeyusha motoni, kioo kikashikana na kioo, akazichemsha muda wa kutosha. Mchuzi wake haukutoa kijidudu hata kimoja. Needham akajibu kwamba mwenzake alikuwa ameua nguvu ya uhai iliyomo katika mchuzi kwa kuuchemsha mno, na ugomvi haukwisha.

Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeukata, katika miaka ya kwanza ya 1860. Alitengeneza chupa zenye shingo ndefu nyembamba iliyopindwa kama shingo ya ndege wa majini. Hewa iliweza kuingia, lakini vumbi lilinasa katika pindo la shingo. Maji ya chakula aliyoyachemsha ndani ya chupa hizo yalikaa safi siku nyingi. Akavunja shingo, vumbi likaingia, na baada ya siku chache yakachafuka. Hivyo ikajulikana kwamba uharibifu hauzaliwi na mchuzi wenyewe. Huja kutoka nje, juu ya vumbi, mikono, nzi, vijiko na vifuniko.

Ukiisha kuingia, joto la wastani huupa nguvu. Kati ya digrii 5 na digrii 60 vijidudu hupata makao, na hupendezwa zaidi na joto lililo karibu na joto la mwili wa mtu. Kuna aina ambazo, zikipata joto na chakula cha kuzifaa, kimoja hugawanyika vikawa viwili kwa muda wa dakika 20 hivi. Mwanafunzi apendaye hesabu na aijaribu. Kijidudu kimoja, baada ya saa 1, ni 8. Baada ya saa 4, ni 4,096. Na baada ya saa 8, ambazo ni usingizi wa usiku mmoja, ni zaidi ya milioni 16. Sufuria kubwa iliyofunikwa, ikakaa karibu na mafiga, ni kitanda chao hasa. Juu huonekana imepoa, na katikati bado ina uvuguvugu kwa saa nyingi. Bakuli pana ndani ya maji baridi hupita upesi katika joto hilo la hatari, na jokofu huvizuia visizaane haraka, ingawa haviuwi.

Tena kuna jambo la pili ambalo moto hauliwezi. Baadhi ya vijidudu hutoa sumu ndani ya chakula, na baadhi ya sumu hizo hustahimili kuchemshwa. Vijidudu vitakufa, sumu itabaki, na mtu atatapika vile vile, ingawa supu imechemka mbele ya macho yake. Vingine hujifunga ndani ya ganda gumu wakati wa moto, vikangoja supu ipate uvuguvugu, vikafufuka. Ndiyo maana mifupa iliyopikwa vizuri mchana haiwi salama usiku kwa sababu ya kupikwa kwake mchana. Na si kila chakula kibaya hutoa harufu. Msichana yule alibahatika kwamba uchachu wa tui ulimwonya. Kama asingetia tui, pengine pua yake isingemwambia neno.

Asiye na jokofu hana haja ya kuiacha supu hii. Yampasa kupima tu. Apike kadiri ya watu wake, wote wale jioni ile ile, na kikizidi ampelekee jirani kingali moto, kama watu wa Kiwengwa wafanyavyo kwa samaki siku ya mavuno mema. Aliye na jokofu aweza kuiweka siku 3, na kila anapotaka kula atoe kiasi anachotaka tu, akichemshe mpaka kitokote kila mahali, wala asirudishe kilichobaki.

Adhuhuri ya siku ile Bibi alimtuma mjukuu wake kwa jirani kuyachukua mabakuli mawili. Supu ilikuwa imeganda. Msichana alilitikisa bakuli moja, nayo ikatetemeka pasipo kumwagika. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wa mafuta ya rangi ya manjano. Bibi akauondoa utando kwa kijiko, akauweka kando wa kukaangia vitunguu, akaitia ile supu katika sufuria ndogo. Ilipochemka sawasawa alikuna nazi moja, akakamua tui, akamimina. Bakuli moja lilirudi kwa jirani mwenye jokofu. La pili likaliwa na watu wanne pamoja na muhogo, na msichana akaisafisha sufuria kwa mchanga.